Somo la Afya: Kupunguza Mionzi ya CT kwa Majeruhi Bila Kuhatarisha Maisha

Ajali za barabarani nchini Kenya zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka katika miaka ya hivi karibuni. Wengine wengi zaidi hufikishwa hospitalini wakiwa hai: waendeshaji bodaboda na abiria wao, watembea kwa miguu, abiria wa matatu, na watoto waliogongwa wakivuka barabara kwenda shule. Ukiongeza walioanguka kutoka kwenye minazi, miembe au majengo yanayojengwa, idadi ya majeruhi katika idara ya dharura ni kubwa.

Wengi wao huelekezwa kwenye chumba cha CT. Hapo ndipo maswali huanza. Baadhi ya jamaa hudai mgonjwa wao apigwe picha ya CT mwili mzima hata kama daktari haoni haja. Wengine hukataa picha inayohitajika kwa sababu wamesikia kwamba CT "huleta saratani". Makundi yote mawili yanaweza kumdhuru mgonjwa. Somo hili linaeleza mionzi ya CT ni kiasi gani, hatari yake ikoje, hospitali huipunguza vipi, na jamaa wa mgonjwa wanaweza kusaidia kwa njia gani.

MASHINE YA CT HUFANYA NINI

CT hutumia mionzi ileile ya eksirei. Tofauti ni kwamba chombo kinachotoa mionzi huzunguka mwili wa mgonjwa na kuchukua vipimo kutoka pande nyingi, kisha kompyuta huvijumlisha na kutengeneza picha za mwili vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Kwa njia hiyo daktari huona damu iliyovuja ndani ya fuvu, wengu uliopasuka, au mfupa wa shingo uliovunjika, mambo ambayo eksirei ya kawaida huenda isiyaonyeshe.

Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya CT mjini London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Mwaka wa 1979 alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini ambaye alianza kulifikiria tatizo hilo alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town.

Kwa kuwa mashine hukusanya vipimo vingi, mionzi inayotumika ni mingi kuliko ya eksirei moja. Hiyo ndiyo gharama ya kuona ndani kwa uwazi zaidi.

MIONZI HUPIMWAJE?

Kiasi cha mionzi ambacho mwili hupokea hupimwa kwa milisiveti, kwa kifupi mSv. Kila binadamu hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na hata kwenye chakula. Wastani wa dunia ni takriban 2.4 mSv kwa mwaka. Vipimo vya hospitalini vinaweza kulinganishwa na kiwango hicho:

• Eksirei ya kifua: takriban 0.02 hadi 0.1 mSv
• CT ya kichwa: takriban 2 mSv
• CT ya kifua: takriban 6 hadi 7 mSv
• CT ya tumbo na nyonga: takriban 8 hadi 10 mSv
• CT ya mwili mzima kwa majeruhi: mara nyingi kati ya 10 na 30 mSv, kutegemea mashine na jinsi inavyotumiwa

Orodha hii ina mafunzo mawili. Kwanza, CT ya kichwa ni sawa na mionzi ya asili ya chini ya mwaka mmoja, lakini CT ya mwili mzima inaweza kufikia ile ya miaka kumi. Pili, kuna pengo kubwa kati ya 10 na 30. Majeruhi wawili wenye majeraha yanayofanana wanaweza kutoka hospitali mbili tofauti wakiwa mmoja amepokea mionzi mara tatu ya mwenzake. Pengo hilo ndilo linaloweza kupunguzwa.

Baada ya kila picha, mashine huonyesha namba mbili. Ya kwanza hueleza ukali wa mionzi katika kila kipande cha mwili. Ya pili, inayoandikwa kwa herufi DLP, ni ile ya kwanza ikizidishwa kwa urefu wa sehemu iliyopigwa picha. Ili kukadiria milisiveti, wataalamu huzidisha DLP kwa namba maalumu ya sehemu ya mwili. Kwa kichwa cha mtu mzima ni 0.0021, na kwa tumbo ni 0.015. Hivyo DLP ya 1,000 kichwani ni 2.1 mSv, ilhali DLP ya 500 tumboni ni 7.5 mSv. Tumbo lina viungo vingi vinavyodhurika kwa urahisi zaidi na mionzi, ndiyo maana DLP iliyo nusu ya ile ya kichwa huleta mzigo mkubwa zaidi.

HATARI NI KUBWA KIASI GANI?

Mionzi ya kiwango cha CT haichomi ngozi wala haimfanyi mgonjwa augue siku hiyo. Wasiwasi uliopo ni kwamba inaweza kuharibu vinasaba ndani ya chembe za mwili, na baada ya miaka mingi uharibifu huo ukachangia saratani. Kwa mtu mzima, makadirio yanayotumika ni kwamba mionzi ya 10 mSv huongeza uwezekano wa kufa kwa saratani kwa takriban 1 kati ya 2,000. Kwa CT ya mwili mzima ya 20 mSv, makadirio huwa takriban 1 kati ya 1,000.

Namba hiyo iwekwe kwenye mizani na hatari ya jeraha lenyewe. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2016 katika jarida la Lancet, uliofanywa Uholanzi na Uswisi kwa majeruhi 1,083 walioshukiwa kuumia vibaya, takriban 16 kati ya kila 100 walifariki hospitalini. Kwa mtu aliye katika hatari kama hiyo, kukataa CT kwa kuogopa saratani ya miaka ishirini ijayo ni kukimbia mvua na kujitosa baharini.

Mizani hubadilika pale jeraha linapokuwa dogo. Mtu aliyejikwaa, akapata uvimbe kwenye paji la uso, ana fahamu zake zote na anaongea vizuri, hana faida kubwa ya kupata kutokana na CT. Kwake hata hatari ndogo ya mionzi haina sababu.

Wengi huuliza: je, kuna kikomo cha mionzi kwa mwaka? Wafanyakazi wa idara za eksirei wana kikomo cha 20 mSv kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, na mwananchi wa kawaida hatakiwi kupokea zaidi ya 1 mSv kwa mwaka kutokana na shughuli za watu wengine zinazotumia mionzi. Mgonjwa hawekewi kikomo cha namna hiyo, kwa sababu mionzi anayopokea ni kwa faida yake mwenyewe. Badala ya kikomo, kanuni za kimataifa zinaweka masharti mawili: picha iwe na sababu, na mionzi iwe ya kiwango cha chini kinachotosha kumpa daktari jibu.

SHARTI LA KWANZA: PICHA IWE NA SABABU

Njia bora ya kupunguza mionzi ni kutopiga picha isiyohitajika. Madaktari na maafisa wa kliniki wana miongozo iliyopimwa kwa maelfu ya wagonjwa ya kuwasaidia kuamua.

Kichwa. Mwongozo mmoja unaotumika sana ulichapishwa nchini Kanada mwaka wa 2001 baada ya kuwafuatilia wagonjwa 3,121. Unawahusu watu wazima walioumia kichwa kidogo, wakapoteza fahamu kwa muda, wakasahau kilichotokea au wakachanganyikiwa. CT inashauriwa iwapo mgonjwa hajarudiwa na fahamu kamili saa mbili baada ya kuumia, ana dalili za fuvu kuvunjika au kubonyea, ametapika mara mbili au zaidi, ana umri wa miaka 65 au zaidi, amesahau mambo ya nusu saa au zaidi kabla ya ajali, au aliumia kwa njia ya hatari kama vile kugongwa na gari akitembea. Asiye na lolote kati ya hayo kwa kawaida hahitaji CT. Mwongozo huu hauwahusu watoto, wala wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wala waliopata degedege baada ya kuumia.

Shingo. Mwongozo mwingine, uliopimwa Marekani kwa wagonjwa zaidi ya 34,000 na kuchapishwa mwaka wa 2000, unasema shingo haihitaji picha yoyote iwapo masharti matano yametimia: hakuna maumivu katikati ya shingo kwa nyuma inapobonyezwa, mgonjwa hajalewa, ana fahamu kamili, hana ganzi wala udhaifu wa viungo, na hana jeraha jingine lenye maumivu makali yanayoweza kumsahaulisha maumivu ya shingo.

Tumbo. Altrasaundi haina mionzi ya aina hii na inaweza kufanywa kando ya kitanda kwa dakika chache kutafuta damu iliyovuja tumboni au kuzunguka moyo. Haioni kila kitu, kwa hiyo haiondoi haja ya CT kwa kila mtu. Hata hivyo, ikiunganishwa na uchunguzi wa mikono, vipimo vya damu na kumwangalia mgonjwa kwa saa kadhaa, huwaepusha wengine na CT.

Je, majeruhi mahututi apigwe CT mwili mzima mara moja, au sehemu zilizochaguliwa tu? Utafiti wa 2016 uliotajwa hapo juu ulilinganisha njia hizo mbili. Vifo vilikuwa karibu sawa. Mionzi nayo haikutofautiana sana kwa wastani, kwa sababu karibu nusu ya waliopangiwa picha za sehemu chache waliishia kupigwa mwili mzima kipande kwa kipande. Kwa majeruhi aliyeumia vibaya sehemu nyingi, CT ya mwili mzima mara moja ni uamuzi wa maana, na kukata vipande huenda kusiokoe mionzi. Akiba kubwa iko kwa wale ambao majeraha yao ni madogo au yako sehemu moja.

SHARTI LA PILI: MIONZI ITOSHE, ISIZIDI

Picha ikishakubaliwa, kazi huhamia kwa mtaalamu anayeendesha mashine, yaani radiografa. Hatua zifuatazo ndizo zinazoleta tofauti.

1. Kuondoa awamu zisizo na kazi. CT ya tumbo inaweza kupigwa mara kadhaa: kabla ya dawa ya kung'arisha mishipa kudungwa, dawa ikiwa kwenye mishipa mikubwa, na tena ikiwa imesambaa kwenye ini na wengu. Kila awamu ni picha kamili. Ikiwa kila moja ina DLP ya 500, yaani 7.5 mSv, awamu tatu ni 22.5 mSv. Kuacha ile isiyo na dawa, ambayo kwa majeruhi wengi haiongezi jibu, hushusha mionzi hadi 15 mSv. Ikitosha awamu moja, mgonjwa hupokea 7.5 tu. Hospitali nyingine hudunga dawa kwa sehemu mbili zilizopishanishwa, ili picha moja ionyeshe mishipa na viungo kwa pamoja.

2. Kutorudia eneo lilelile. Kifua kikipigwa peke yake na tumbo peke yake, sehemu ya juu ya ini, wengu na figo inaweza kuingia katika picha zote mbili. Eneo la sentimita 10 likirudiwa kwa mionzi ya miligrei 10, DLP huongezeka kwa 100, sawa na 1.5 mSv za bure. Hiyo ni zaidi ya mionzi ya asili ya miezi saba. Kupiga kifua na tumbo kwa mkupuo mmoja huondoa upotevu huo.

3. Kuinua mikono. Mikono ikiwa ubavuni, mionzi hulazimika kupenya mifupa zaidi. Mashine huongeza nguvu, na picha hutoka na michirizi. Pale bega na mkono visipokuwa vimevunjika, mikono huinuliwa juu ya kichwa wakati wa kupiga kifua na tumbo. Isipowezekana, ni afadhali ilazwe juu ya mto mbele ya tumbo kuliko kubaki ubavuni.

4. Kumlaza mgonjwa katikati. Mgonjwa akiwa juu au chini ya kitovu cha mashine, upande mmoja wa mwili hupokea mionzi zaidi na picha huharibika. Hata katika haraka ya dharura, sekunde chache za kurekebisha kitanda zina faida.

5. Kurekebisha nguvu kulingana na mwili. Nguvu ya umeme wa mashine ikishushwa kutoka kilovolti 120 hadi 100, mionzi hupungua kwa takriban asilimia 30 ikiwa mambo mengine hayajabadilishwa. Hatua hii hufaa wagonjwa wembamba, hasa dawa ya mishipa inapotumika, kwa kuwa dawa hiyo huonekana vizuri zaidi kwa nguvu ya chini. Mashine za kisasa pia zina kirekebishaji kinachopunguza mionzi chenyewe inapopita sehemu nyembamba, na programu za kusafisha picha zilizopigwa kwa mionzi kidogo. Vifaa hivyo havisaidii kitu vikiwa vimezimwa, au vikiwa vimewekewa kiwango kimoja kwa kila mtu.

6. Kumtuliza mgonjwa na kuondoa chuma. Mgonjwa anayejirusha kwa maumivu huharibu picha, na picha iliyoharibika hurudiwa. Dawa ya maumivu kabla ya CT ni sehemu ya kupunguza mionzi. Vilevile funguo, simu, mshipi, mkufu na sarafu huondolewa, kwa sababu chuma hutoa michirizi inayoficha majeraha.

Baadhi ya wagonjwa hushangaa wasipofunikwa aproni ya risasi. Tangu 2019, vyama vya wataalamu katika nchi kadhaa vimeshauri kuacha desturi ya kufunika sehemu za uzazi, kwa kuwa aproni huongeza ulinzi mdogo sana na inaweza kuficha sehemu muhimu au kumfanya kirekebishaji cha mashine aongeze mionzi. Kutofunikwa hakumaanishi kupuuzwa.

WATOTO SI WATU WAZIMA WADOGO

Mtoto hudhurika zaidi na mionzi kwa sababu tatu. Chembe zake bado zinagawanyika kwa kasi. Ana miaka mingi mbele yake ambamo saratani inaweza kujitokeza. Na mwili wake ni mdogo, hivyo akipigwa picha kwa kiwango cha mtu mzima viungo vyake hupokea mionzi mingi kupita haja.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 2012 ulifuatilia takriban watu 180,000 waliopigwa CT wakiwa watoto au vijana. Ulikadiria kwamba kwa kila watoto 10,000 wanaopigwa CT moja ya kichwa kabla ya miaka 10, huenda kukatokea mgonjwa mmoja zaidi wa saratani ya damu na mmoja zaidi wa uvimbe wa ubongo katika miaka kumi inayofuata. Hatari hiyo ni ndogo kwa mtoto mmoja, lakini ipo, na haifai kuchukuliwa bila sababu.

Kwa hiyo kuna mwongozo maalumu kwa watoto, uliotokana na uchunguzi wa watoto 42,412 walioumia kichwa huko Amerika Kaskazini na kuchapishwa mwaka wa 2009. Kwa mwenye miaka 2 na zaidi, daktari huangalia iwapo fahamu zimebadilika, alizimia, ametapika, ana maumivu makali ya kichwa, ana dalili za kuvunjika sehemu ya chini ya fuvu, au aliumia kwa kishindo kikubwa. Asipokuwa na hata moja, uwezekano wa jeraha kubwa la ubongo ni chini ya 1 kati ya 2,000. Kwa walio chini ya miaka 2, huangaliwa pia uvimbe kwenye kichwa usio wa paji la uso, fuvu lililovunjika linaloguswa kwa mkono, na kama mzazi anaona mtoto hayuko kawaida yake. Neno la mama au mlezi hapa ni sehemu ya kipimo.

Baina ya "piga CT" na "nenda nyumbani" kuna njia ya tatu: mtoto abaki hospitalini kwa saa kadhaa akiangaliwa. Akichangamka, anyonye au ale na acheze, mara nyingi CT haihitajiki. Akizidi kusinzia au kutapika, picha hupigwa bila kuchelewa. Mzazi anayeambiwa asubiri asidhani mtoto wake amenyimwa huduma.

MAMA MJAMZITO ALIYEUMIA

Mjamzito aliyepata ajali anapaswa kumwambia mhudumu mapema kwamba ana mimba, au jamaa wamsemee. Taarifa hiyo husaidia kuchagua vipimo. Haimzuii kupigwa CT inayohitajika. CT ya kichwa, shingo au kifua humfikishia mtoto aliye tumboni mionzi kidogo sana. CT moja ya tumbo na nyonga kwa kawaida haifikii miligrei 50, kiwango ambacho chini yake hakujaonekana ongezeko la ulemavu kwa watoto. Mama akifariki kwa damu iliyovuja bila kuonekana, mtoto naye hupotea. Maisha ya mama hutangulia.

PICHA ZINAZORUDIWA KWA SABABU YA CD

Kuna mionzi inayotokana na safari ya rufaa. Chukua mfano wa kijana wa bodaboda aliyepigwa CT ya kichwa na tumbo katika hospitali ya kwanza, kisha akapewa rufaa kwa upasuaji wa ubongo. Ambulensi inaondoka na barua ya rufaa, lakini CD ya picha imebaki kwenye droo. Hospitali ya pili haiwezi kupasua kichwa kwa kutegemea maelezo ya karatasi, hivyo inapiga upya. Kijana anapokea takriban 10 mSv nyingine, familia inalipa mara ya pili, na dakika zinapotea ilhali damu inaendelea kuvuja.

Kurudia kuna sababu wakati hali imebadilika, kwa mfano mgonjwa wa kichwa akizidi kupoteza fahamu njiani. Kurudia kwa kukosa CD hakuna sababu. Dawa yake ni nyepesi: barua ya rufaa iandikwe sehemu zilizopigwa picha, saa, na kama dawa ya mishipa ilitumika, na picha zenyewe zisafiri na mgonjwa au zitumwe kwa mtandao salama kabla hajafika.

WAJIBU WA HOSPITALI NA HAKI YA MWANANCHI

Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019 iliunda mamlaka ya kudhibiti nyuklia nchini, KNRA, ambayo hutoa leseni kwa vituo vyenye mashine za mionzi na kuvikagua. Ndani ya hospitali, kazi ni ya kila siku: kupima ubora wa mashine, kuweka kumbukumbu za DLP, na kulinganisha wastani wao na viwango vya rejea. Hospitali ikigundua kwamba CT zake za kichwa ziko juu ya kiwango mwezi baada ya mwezi, hutafuta chanzo. Mara nyingi chanzo ni mpangilio wa mashine uliosahaulika, na kuurekebisha hakuhitaji kununua mashine mpya.

Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa vipimo vinavyopatikana, faida zake, hatari zake na gharama zake. Sheria hiyohiyo inampa kila mtu haki ya matibabu ya dharura. Majeruhi aliyepoteza fahamu hutibiwa kwanza, na maelezo hufuata.

Jamaa wa mgonjwa wanashauriwa:

• Kumweleza daktari ajali ilivyotokea: mwendo, kofia ya chuma kama ilivaliwa, kama mgonjwa alizimia au kutapika.
• Kutaja picha zozote alizopigwa karibuni, na kuzileta.
• Kuuliza kwa heshima: "Daktari, picha hii itatusaidia kujua nini? Kuna kipimo kingine kinachotosha?"
• Kutomshinikiza mhudumu apige CT ambayo hajaiona haja yake.
• Kutokataa CT ya dharura kwa kuogopa mionzi.
• Kuomba nakala ya picha na ripoti kabla ya kuondoka, na kuzihifadhi pamoja na kadi za kliniki.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mzee wa miaka 70 ameanguka bafuni, akazimia kwa muda mfupi, na sasa anaongea vizuri. Je, CT ya kichwa ina sababu? Ndiyo. Umri wa miaka 65 au zaidi ni mojawapo ya dalili za mwongozo.

2. Msichana wa miaka 6 ameanguka kwenye bembea fupi. Hakuzimia, hajatapika, hana maumivu makali na anacheza. Je, mama adai CT? Hapana. Uwezekano wa jeraha kubwa ni mdogo sana. Aangaliwe, na arudishwe hospitalini haraka akianza kutapika, kusinzia kupita kawaida au kubadilika tabia.

3. CT ya tumbo imepigwa awamu mbili, kila moja ikiwa na DLP ya 400. Mionzi ni kiasi gani? 400 mara 2 ni 800. 800 mara 0.015 ni 12 mSv. Ingetosha awamu moja, ingekuwa 6 mSv.

4. Mgonjwa anahamishwa kwenda hospitali nyingine. Kabla ya mlango wa ambulensi kufungwa, jamaa waulize nini? Waulize CD ya picha iko wapi.